Bunia: Historia ya gesi ya viyoyozi, na kwa nini haifai kuachwa iende hewani

Mjini Bunia, katika jimbo la Ituri, viyoyozi si vingi kama Kinshasa au Mombasa. Mji uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,275, na usiku baridi huja yenyewe. Lakini katika benki, farmasi, maabara za hospitali, ofisi za mashirika na studio za redio, mashine hizo hufanya kazi mchana kutwa. Wengi huziita klimatizeri. Sanduku moja hutundikwa ndani, lingine hukaa nje ukutani, likipigwa na jua, mvua na vumbi. Hilo la nje ndilo lenye kompresa, na ndilo hupata taabu zaidi.

Linapoharibika, fundi huitwa, iwe ni mtaa wa Saio au mtaa mwingine wowote. Kabla ya kukata bomba au kutoa kompresa, gesi iliyo ndani lazima iondolewe. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulegeza nati na kuiacha itoke: mlio wa dakika chache, na kazi inaendelea. Ya pili ni kuivuta kwa mashine na kuiingiza ndani ya chupa. Njia ya kwanza haigharimu kitu siku ile. Ya pili inataka vifaa, muda na ujuzi.

Si ajabu basi kwamba katika miji mingi ya Afrika njia ya kwanza ndiyo imezoeleka. Lakini anayefuata historia ya gesi hiyo ataona kwamba njia ya pili haikubuniwa ili kuwasumbua mafundi. Ilitokana na makosa ya karibu miaka mia moja, na sehemu kubwa ya kanuni zake ilitungwa karibu na Bunia kuliko wengi wanavyodhani.

Saio yenyewe ni jina lililotoka mbali. Ni jina la mji wa Ethiopia ambako, mwezi Julai 1941, majeshi ya Italia yalijisalimisha mbele ya Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji. Gesi iliyomo katika viyoyozi vya mtaa huo nayo ina safari yake.

Baridi iliyokuwa ikiua

Frigo za kwanza za nyumbani, huko Marekani na Ulaya, zilitumia gesi za hatari. Kulikuwa na amonia, yenye harufu inayochoma macho na koo. Kulikuwa na dioksidi ya salfa, ambayo nayo ni sumu. Kulikuwa na kloridi ya methili, mbaya zaidi kwa sababu mtu anaweza kuivuta bila kuishtukia. Bomba likitoboka usiku, watu waliolala chumbani waliweza kufa.

Mwaka 1928 mhandisi Mmarekani Thomas Midgley, aliyefanya kazi katika kampuni ya General Motors, alipewa jukumu la kutafuta gesi isiyo na sumu na isiyowaka moto. Yeye na wenzake walipata kundi la gesi zenye klorini na florini. Mwaka 1930 Midgley alisimama mbele ya wanakemia wenzake, akaivuta gesi hiyo mapafuni, kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazimika, na yeye akabaki mzima. Gesi hiyo ilipewa jina la biashara la Freon. Mafundi wanaijua zaidi kwa namba: R-12. Baadaye ikaja ndugu yake R-22, ambayo ndiyo iliyojaza viyoyozi vingi vya kutundika ukutani duniani.

Kwa wakati ule hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Gesi haikunuka, haikuungua, haikula chuma. Ikivuja, hakuna aliyekufa. Ndiyo maana hakuna aliyeona sababu ya kuikusanya. Tabia ya kulegeza nati na kuiacha iende ilianzia huko huko kwenye nchi tajiri, na mafundi wa kule waliifuata kwa zaidi ya miaka hamsini.

Katika Kongo ya wakati huo baridi ilikuwa ya wachache. Misheni na vituo vya afya vilivyokuwa mbali na umeme vilitumia frigo za petroli, zile zenye utambi na moto mdogo chini, ambazo ndani yake huzunguka amonia na maji. Frigo za umeme zilifuata mahali nyaya zilipofika. Ituri ilikuwa na bwawa la Budana, lililojengwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto.

Mwaka 1974

Mwaka 1974 una mambo mawili ya kukumbukwa katika historia hii. Mwezi Mei, Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango mpana wa chanjo kwa watoto wa dunia nzima. Mpango huo hauwezi kwenda bila baridi: chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Tangu hapo frigo iliacha kuwa kitu cha kupozea vinywaji tu, ikawa chombo cha kuokoa maisha hadi kwenye vituo vya afya vya vijijini.

Mwezi Juni mwaka huo huo, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland wa California walichapisha makala katika jarida la Nature. Walisema kwamba gesi za Midgley, kwa sababu haziharibiki kwa urahisi, hupanda juu sana hadi kwenye tabaka la ozoni. Huko miale mikali ya jua huzivunja, na klorini inatoka. Chembe moja ya klorini inaweza kuharibu hadi chembe laki moja za ozoni kabla ya kutulia. Ozoni ndiyo inayozuia miale ya jua inayoleta kansa ya ngozi, inayoharibu macho na inayodhuru mazao.

Sifa ile ile iliyoifanya gesi ipendwe, yaani kutoharibika, ndiyo iliyoifanya iwe hatari. R-12 hukaa angani kwa wastani wa miaka mia moja. Gesi iliyotoka katika frigo miaka hamsini iliyopita, zaidi ya nusu yake bado ipo angani hadi leo.

Viwanda vilikataa. Vilisema ni nadharia tu. Lakini mwezi Mei 1985, Waingereza Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza vipimo vyao vya Ncha ya Kusini: kila majira ya kuchipua ya huko, ozoni ilikuwa ikipungua kupita kiasi. Hapo ubishi ukapungua. Molina na Rowland walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, pamoja na Paul Crutzen.

Nairobi, Vienna, Montreal

Kazi ya kuzileta serikali pamoja iliongozwa kutoka Afrika Mashariki. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, liliundwa mwaka 1972 na makao yake yakawekwa Nairobi. Mkuu wake kuanzia 1975 hadi 1992 alikuwa Mmisri, Mostafa Tolba. Ni yeye aliyesukuma mazungumzo hadi Mkataba wa Vienna wa Machi 1985, kisha Itifaki ya Montreal ya tarehe 16 Septemba 1987. Nchi 24 pamoja na Jumuiya ya Ulaya zilitia sahihi siku hiyo, Kenya ikiwa miongoni mwao. Sekretarieti ya ozoni iko Nairobi mpaka leo.

Itifaki ilipanga ratiba. Nchi tajiri zingeanza kupunguza, nchi maskini zingepewa miaka zaidi. Mwaka 1990, mjini London, nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kwa fedha, mafunzo na vifaa. Hapo ndipo mashine ya kukusanya gesi ilipoanza kuwa chombo cha kawaida cha fundi. Marekani, nchi iliyoibuni gesi yenyewe, ilipiga marufuku kuiachia hewani wakati wa matengenezo kuanzia tarehe 1 Julai 1992.

Kongo, wakati huo ikiitwa Zaire, ilijiunga na Itifaki mwezi Novemba 1994.

Bunia wakati huo

Tarehe hizo zikiwekwa kando ya tarehe za Ituri, mengi yanaeleweka. Mwaka 1994 Zaire ilikuwa na serikali dhaifu, na mashariki mwa nchi palijaa wakimbizi kutoka Rwanda. Desemba 1996 Bunia iliangukia mikononi mwa waasi wa AFDL. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza.

Kwa nchi zinazoendelea, kikomo cha kwanza cha Itifaki kilikuwa tarehe 1 Julai 1999: kuanzia siku hiyo matumizi ya R-12 na jamaa zake hayakupaswa kuongezeka. Ni katika majuma hayo hayo, mwezi Juni 1999, ndipo mapigano kati ya Wahema na Walendu yalipozuka katika eneo la Djugu. Yalienea, yakaua makumi ya maelfu ya watu na kuwafukuza wengine wengi zaidi makwao. Mei 2003 vita vilikuwa ndani ya mji wa Bunia. Juni kikosi cha Umoja wa Ulaya kikatua, katika operesheni iliyoitwa Artemis, na Septemba askari wa MONUC wakashika nafasi yake.

Miaka hiyo ndiyo ambayo mafundi wa nchi nyingine walikuwa wakiitwa kwenye semina, wakionyeshwa manometa mpya na kupewa mashine za kukusanya gesi. Katika mji ambao watu walikuwa wakitafuta pa kulala, ratiba ya ozoni haikuwa na nafasi. Fundi aliyebaki alijifunza kwa kumtazama fundi mwingine, na aliyemtazama alikuwa amejifunza kazi ya zamani.

Amani kidogo iliporudi, viyoyozi navyo viliongezeka pamoja na mashirika, mabenki na kampuni za simu. Mashine ziliingia, lakini elimu ya gesi iliyomo ndani yake haikuingia kwa kasi hiyo. Kikomo cha mwisho cha R-12 kwa nchi zinazoendelea, tarehe 1 Januari 2010, kilifika na kupita.

Umuhimu wa baridi ulionekana tena wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Chanjo iliyotumika ilitakiwa kutunzwa katika baridi kali ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri. Bila watu wanaojua kazi ya baridi, chanjo ile ingekuwa maji tu.

Kigali, Oktoba 2016

Dunia ilipoiacha R-12 na kuanza kuiacha R-22, viwanda vilileta gesi mpya zisizo na klorini: R-134a kwa frigo na magari, R-410A kwa viyoyozi. Hizi haziharibu ozoni. Lakini likaja tatizo jingine: zinaongeza joto duniani kwa nguvu. Kilo moja ya R-410A ikitoka hewani ni sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari. R-22 yenyewe, ambayo ina makosa yote mawili, ni sawa na kilo 1,810.

Kwa mfano wa karibu: kuachia kilo moja ya R-22 ni kama kuchoma lita karibu 780 za esansi. Pikipiki yenye tangi la lita 12 ingejazwa mara 65. Na kiyoyozi kidogo cha ofisi hubeba gesi ya kilo moja hivi.

Nchi zikakutana tena, safari hii mjini Kigali, na alfajiri ya tarehe 15 Oktoba 2016 zikakubaliana kuzipunguza gesi hizo mpya. Marekebisho ya Kigali yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, na kufikia punguzo la asilimia 80 mwaka 2045.

Kigali iko kilomita 400 hivi kutoka Bunia kwa mstari wa ndege. Kinshasa iko karibu kilomita 1,800. Kanuni ilitungwa karibu, lakini ofisi ya ozoni ya taifa, mafunzo na vifaa hukaa mji mkuu. Gesi yenyewe haingoji Kinshasa. Bidhaa nyingi za Bunia hutoka Mombasa na Kampala, zikavuka mpaka Mahagi na kuteremka kwa barabara ya kitaifa namba 27, barabara ambayo imeshuhudia mashambulizi mengi. Chupa ya gesi hupita. Mashine ya kuikusanya, iliyo ghali na isiyotafutwa na wateja, haina haraka ya kufika.

Mashine ya nje ikiharibika

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wanalijua. Kompresa ikiwa nzima, fundi anaweza kufunga vali ya bomba jembamba, kuacha mashine izunguke, gesi yote ikajikusanya ndani ya sanduku la nje, kisha akafunga vali ya bomba nene. Ni njia nzuri ya kuhamisha kiyoyozi kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kupoteza gesi.

Lakini ugonjwa ukiwa kwenye sanduku la nje lenyewe, njia hiyo haifai. Kompresa iliyokufa haiwezi kusukuma kitu. Na kama kuna tundu, kuilazimisha kompresa kuzunguka ni hatari: inaweza kuvuta hewa ya nje, hewa ikachanganyika na mafuta kwa joto na mkandamizo mkubwa, na kompresa ikapasuka usoni mwa fundi. Kwa mashine ya namna hiyo, gesi iliyobaki lazima itolewe na kuingia kwenye chupa.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Umeme unakatwa. Manometa inaunganishwa kwenye tundu la kujazia gesi, kisha kwenye mashine ya kukusanya, kisha kwenye chupa maalumu iliyowekwa juu ya mizani. Chupa haijazwi kupita asilimia 80, kwa sababu gesi iliyo maji hutanuka ikipata joto, na chupa iliyojaa kabisa hupasuka. Zile chupa za kutupwa za kilo 13.6 zinazouzwa na gesi mpya hazikutengenezwa kujazwa tena. Gesi mbili tofauti haziingii katika chupa moja. R-22 iliyochanganyika na R-410A haina kazi tena. Kila chupa iandikwe jina la gesi. Na kama kompresa iliungua, gesi yake ina asidi, isiingizwe kwenye mashine nyingine kabla ya kusafishwa.

Baada ya hapo ndipo bomba hukatwa na kuchomelewa. Hili nalo lina sababu ya afya: gesi iliyobaki ikikutana na moto wa kuchomelea hubadilika kuwa moshi wa sumu. Katika chumba kilichofungwa, gesi, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hulala chini na kumnyima mtu pumzi. Gesi nyingine za siku hizi, kama R-290, huwaka moto kabisa. Zile siku za Midgley za kuivuta na kucheka zimekwisha.

Mwaka 2011 ulitoa fundisho kwa wanaonunua gesi bila kuuliza. Kontena za baridi zilizojazwa gesi bandia, iliyouzwa kama R-134a lakini ndani yake mkiwa na kloridi ya methili, zililipuka na kuwaua wafanyakazi Vietnam na Brazil. Gesi ile ile iliyoachwa karibu miaka themanini nyuma ilirudi kwa mlango wa wafanyabiashara waongo. Gesi safi iliyokusanywa kutoka mashine inayojulikana ni salama kuliko chupa mpya isiyojulikana ilikotoka.

Nani atalipa?

Hapa ndipo penye ugumu. Mteja anataka ofisi ipoe kabla ya jioni. Hataki kulipia saa moja ya kukusanya kitu asichokiona. Fundi naye hawezi kununua mashine ya bei kubwa kwa kazi mbili kwa mwezi.

Lakini hesabu inabadilika. Kwa ratiba ya Itifaki, nchi zinazoendelea zilipaswa kuwa zimepunguza R-22 na jamaa zake kwa asilimia 67.5 kuanzia Januari 2025, na mwaka 2030 kubakiza kiasi kidogo sana kwa matengenezo tu. Viyoyozi vya R-22 vilivyoko ukutani havitakufa siku hiyo. Vitaendelea kudai gesi ambayo haitengenezwi tena kwa wingi. Kwingine duniani, iliyokusanywa na kusafishwa imekuwa ndiyo akiba. Fundi anayeachia kilo moja leo anatupa bidhaa ambayo kesho ataitafuta kwa bei ya juu.

Mashine moja inaweza kutumiwa na mafundi wa mtaa mzima wakichangia, kama wanavyochangia vitu vingine kwa likelemba. Asiye na mashine kabisa anaweza kutumia chupa imara ya kukusanyia, iliyonyonywa hewa kwa pampu na kutiwa ndani ya ndoo ya barafu: baridi huvuta gesi kutoka kwenye kiyoyozi kuingia kwenye chupa. Haivuti yote, lakini sehemu inayobaki ndani ya chupa haikupotea. Mwenye nyumba naye ana neno lake. Anaweza kumwuliza fundi swali moja kabla ya kazi kuanza: gesi iliyomo itakwenda wapi?

Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema Januari 2023 kwamba tabaka la ozoni linapona, na kwamba sehemu kubwa ya dunia itarudi katika hali ya mwaka 1980 ifikapo karibu 2040. Ncha ya Kusini itangoja hadi karibu 2066. Mtoto anayezaliwa Saio mwaka huu ataiona siku hiyo akiwa mtu mzima. Kazi hiyo ilifanywa na serikali na viwanda, na pia na mafundi wa miji mingi ambao, kila walipofungua mashine ya nje, walichukua muda wa kufunga mpira kwenye chupa kwanza.